Kitufe cha Saba

Desemba, Dundee. Saa kumi alasiri
na taa za barabarani zimekwisha kuwaka.
Ninatengeneza wizi.

Mwizi wangu ni Fergus, mwanafunzi wa mwaka wa pili,
mpole, anayeomba radhi hata akijikwaa mlangoni.
Tulimlipa vocha ya kahawa
aingie maktaba, apite nyuma ya kiti,
achukue mkoba wa Isla, atoke.
Sekunde kumi na tisa.
Mara ya kwanza alisema "samahani" alipouchukua.
Tukarudia. Mara nne tukarudia,
hadi akaiba kama mtu aliyezoea.

Sasa video iko mtandaoni,
nami naandika maswali chini yake
kama anayepepeta mchele usiku,
chuya ni nyingi, mwanga hafifu.

"Mwizi alivaa koti la rangi gani?"
Nafuta. Nani kasema ni mwizi?
"Yule mwanamume alivaa nini?"
Nafuta. Nani kasema ni mwanamume?
Kiingereza kinanibana hapa, kinataka nitaje
ke au me kabla shahidi hajatamka.
Lugha ya mama ingenisitiri kwa herufi moja:
alichukua.
A.
Mtu. Yeyote. Hata mimi.

Dokta Lindores, mkuu wa mradi, ananiambia kwenye simu:
"Nusu waulize aliuchukuaje. Nusu, aliunyakuaje.
Wape siku saba.
Kisha waulize alikimbia kuelekea wapi."
Hakuna aliyekimbia.
Fergus alitembea kama anayekwenda msalani.
Lakini watatokea, wenye macho mazima,
watakaoapa kuwa waliziona zile mbio,
na viatu vikiteleza sakafuni.

Nisiwacheke.
Jana ndani ya basi niliandika daftarini: koti la bluu.
Video hiyo nimeitazama mara mia.
Koti ni kijani, kijani cha chupa.
Bluu ilikuwa skafu ya Isla.

Muheza, nikiwa darasa la pili,
baiskeli ya mwalimu ilipotea.
Baba mdogo akachuchumaa mbele yangu,
pumzi yake inanuka tangawizi,
akauliza: "Ni Mbelwa, sivyo?"
Hakuuliza ni nani.
Jina alinitia mdomoni kama kijiko cha dawa,
nikameza,
nikanyoosha mkono.
Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Changu kilitosha.

Wiki ya pili baiskeli ikaonekana kwa fundi,
inasubiri mnyororo.
Mwalimu mwenyewe aliipeleka, akasahau.
Mbelwa hakurudi baada ya likizo.
Na hadi leo namwona akiiendesha,
magoti nje, shati limejaa upepo,
kengele nayo naisikia.
Hilo ndilo linalonitisha:
picha haina hata vumbi.

Kwa hiyo sura sita,
safu mbili, mandhari ya kijivu, hakuna anayetabasamu.
Kwa nusu ya washiriki Fergus nimemwondoa kabisa.
Na chini, nilichokigombania wiki nzima,
kitufe cha saba: HAYUPO.
Dokta alisema kikiwa kikubwa kitawavuta.
Nilisema kikiwa kidogo kitawaonea haya.
Tukakipima kwa pikseli, yeye na mimi,
kama wauza kitambaa wasioaminiana,
hadi kikalingana na sura ya mtu.

Saa nane usiku anaingia mshiriki wa kwanza.
Hana jina, ni namba tu,
na mshale wake ni kinukta kwenye kioo changu.
Fergus kwake hayumo.
Mshale unasimama juu ya sura ya tatu.
Sekunde nne. Tisa. Kumi na moja.
Naikaribia kompyuta mpaka kioo kinafanya ukungu.
Siruhusiwi kumwambia lolote.
Nyuma ya kiti chake, natumaini,
hakuna aliyechuchumaa.

Mshale unatikisika,
unaanza kushuka.